Mabaki ni ya Nani? Tafakuri juu ya Saa za Mezani za Vipande vya Mbao

Seremala akishamaliza kabati, husalia vitu viwili: kabati na vipande. Kabati lina mwenyewe, lina bei, na mara nyingi lina gari linalolisubiri mlangoni. Vipande havina kimojawapo cha hivyo. Katika karakana za Keko, Dar es Salaam, vile vikubwa huenda kuwa kuni, maranda hutandazwa katika mabanda ya kuku, na kinachosalia hufagiliwa. Katika karakana za Ulaya na Marekani, sehemu kubwa huishia katika pipa. Insha hii inawahusu wale wanaoviokota vipande hivyo na kuvifanya saa ndogo za mezani, kazi ambayo nimekuwa nikiifanya kwa miaka kadhaa pembeni ya kazi ya kufundisha. Inahusu pia swali ambalo kazi hiyo huliibua: je, tuna wajibu wowote kwa kilichobaki? Na ikiwa tunao, tunawiwa na nani: kipande chenyewe, mti, aliyeukata, au nafsi zetu tu?

Jibu linalokuja upesi ni lile tulilofunzwa utotoni. Kutupa ni israfu, na israfu ni dhambi au, kwa uchache, ni ukosefu wa adabu. Akiba haiozi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sina ugomvi na mafunzo haya, lakini hayatoshi kuieleza saa ya mezani. Tukiifanyia hesabu ya mfanyabiashara, saa hii haina utetezi. Wakati tunausoma katika simu. Ndani ya ule ubao mzuri mna mtambo wa plastiki uliotoka kiwandani, betri itakayotupwa baada ya mwaka mmoja au miwili, gundi, vanishi, na umeme wa mashine zilizokata na kusugua. Yamkini kuku wa Keko wanayatumia mabaki yao kwa uangalifu zaidi kuliko sisi. Kwa hiyo, kama kuna wema wowote katika kazi hii, hauwezi kuwa wema wa kubana matumizi. Inatubidi tuutafute mahali pengine, au tukubali kwamba haupo.

Tuanze na namna kazi inavyokwenda, maana hoja iko humo. Mtambo wa kawaida wa saa ya kwatzi ni kisanduku chenye upana wa takriban milimita 56 kila upande, kinachotumia betri moja ya volti 1.5. Huuzwa pia vichwa vya saa vya mviringo, vidogo zaidi, vinavyozamishwa katika tundu lenye kipenyo cha karibu milimita 35. Vipimo hivi viwili ndivyo pekee visivyobadilika. Mengine yote huamuliwa na kipande. Hapa ndipo kazi hii inapoachana na useremala wa kawaida. Mwenye kutengeneza kabati huwa na mchoro kwanza, kisha akaenda kutafuta mbao zitakazoutii. Mwenye kutengeneza saa ya mabaki huwa na ubao kwanza: upana wake, fundo lake, ufa wake, mkondo wa nyuzi zake, alama ya msumeno wa mtu mwingine. Hana budi kuuliza kipande kinaruhusu nini. Kipande chenye ufa upande mmoja kinaweza kubeba tundu upande wa pili. Kipande kifupi mno kinaweza kuunganishwa na kingine. Kipande kilichopinda hakinyooshwi bila kupunguzwa unene, na kikipunguzwa mno mtambo hautaingia. Mara nyingi jibu ni hapana, na kipande hurudi katika boksi kungoja.

Kungoja kwenyewe ni sehemu ya kazi. Ubao hauachi kusogea siku mti unapoanguka. Huendelea kuvuta unyevu wa hewa na kuutoa, ukitanuka na kusinyaa. Kwa urefu wa nyuzi husogea kidogo sana, lakini kwa kukatisha nyuzi husogea hata jicho likaona, na usinyaaji unaofuata mzingo wa pete huwa takriban mara mbili ya ule unaotoka kiini kuelekea gome. Ukiunganisha vipande viwili vyenye nyuzi zinazokatana bila kuacha nafasi ya msogeo, kimoja kitampasua mwenzake. Wasomaji wa ughaibuni wanalijua jambo hili hata kama hawajawahi kushika randa. Kinyago cha mpingo kilichokaa salama miaka mingi katika hewa nzito ya pwani hupasuka majira ya baridi ya kwanza sebuleni London au Minneapolis, pale mitambo ya kupashia joto inapokausha hewa ya nyumba. Hakuna aliyekiangusha. Kimehama hewa, nacho kinajirekebisha. Ndiyo maana vipande huwekwa ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuguswa, na mpingo, kwa kuwa una mafuta mengi, hufutwa kwa spiriti kabla ya kutiwa gundi, naye anayeusugua huvaa barakoa kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Haya yote ni maarifa ya kuitii maada. Hayana haraka ndani yake.

Yapo maajabu kidogo katika kukiweka chombo cha kupimia wakati ndani ya mbao, lakini historia inatukumbusha kuwa ubao na saa si wageni. John Harrison, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1693 na ambaye saa zake za baharini ndizo zilizowawezesha manahodha kujua longitudo walipo, alikuwa seremala. Saa yake ya awali, ya mwaka 1713, ilikuwa na mtambo uliotengenezwa kwa mbao karibu wote, na katika saa zilizofuata alitumia mti mzito wa Karibi unaojilainisha kwa mafuta yake wenyewe, ili asihitaji kutia mafuta ambayo siku hizo yaliganda na kuichelewesha saa. Huko Connecticut, Marekani, Eli Terry alikubali mwaka 1807 kutengeneza mitambo 4,000 ya saa za mbao kwa miaka mitatu, akaitimiza ahadi, na saa ikaanza kuingia katika nyumba za wakulima ambao kabla ya hapo hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Ubao, basi, ulikuwa maada ya saa kabla ya kuwa pambo la saa. Leo umebaki kuwa gamba tu. Kazi ya kuhesabu imechukuliwa na fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, hesabu ambayo ukiigawa kwa mbili mara 15 inabaki moja: pigo moja, sekunde moja.

Tazama kilichokutana katika kitu kimoja kinachotosha kiganjani. Ndani, fuwele isiyojua jana wala kesho, ambayo kila pigo lake ni sawa na lililotangulia. Nje, ubao ambao hakuna mwaka wake unaofanana na mwingine. Katika mwaloni na miti mingine ya nchi za baridi, pete huhesabika: sehemu nyepesi ya majira ya kuchipua, sehemu nzito ya kiangazi, kisha mstari. Mwaka wa ukame huacha pete nyembamba. Katika miti mingi ya kwetu pete hufifia, au hufuata mvua badala ya baridi, lakini nayo ina kumbukumbu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, ili kueleza kwamba Mwafrika huufikiri wakati kuwa unatoka katika sasa ukielekea zamani, na kwamba zamani ndiyo hazina inayohifadhi yote. Wanafalsafa wengine, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga, hasa kwa kuwanyima Waafrika wazo la wakati ujao ulio mbali, na nadhani walikuwa na haki. Hata hivyo picha yake inauelezea mti vizuri kuliko inavyowaelezea watu. Katika shina, tabaka la nje ndilo linalopandisha maji. Moyo wa mti, ule weusi katika mpingo, haupandishi tena kitu. Kazi yake ni kulibeba shina lisimame. Zamani ya mti haikupita ikaondoka. Imo ndani, imekuwa ngumu, na seremala anaipenda kuliko sasa yake.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba tunajua mabaki ni nini. Lakini neno lenyewe linahitaji kuulizwa. Mti hauna mabaki. Tawi, fundo, mzizi na gome, vyote vilikuwa mti. Mabaki huzaliwa pale mtu anapokuja na mpango, akachora mstari juu ya ubao, akasema: huku ni kabati, kule si kitu. Kipande cha sentimita 12 ni taka kwa mwenye kutengeneza kitanda, na ni mali kwa mwenye kutengeneza saa, ilhali kipande chenyewe hakikubadilika chochote. Kwa hiyo mabaki si sifa ya kitu. Ni hukumu juu ya kitu, na kila hukumu ina hakimu.

Jambo hili linaonekana dogo katika karakana, lakini nje ya karakana limewagharimu watu nchi zao. John Locke, katika hoja yake maarufu juu ya mali ya mwaka 1689, alisema kwamba mtu hukifanya kitu kuwa chake kwa kuchanganya nacho kazi yake, na kwamba hana haki ya kuchukua zaidi ya anachoweza kukitumia kabla hakijaoza. Ni mafundisho mazuri kwa mwokota vipande: kazi yangu imeingia katika kipande, basi ni changu, na nimekiokoa kisioze. Lakini Locke huyohuyo aliitazama ardhi ya Amerika isiyolimwa kwa namna ya Kiingereza akaiona kuwa imelala bure. Hoja ya namna hiyo ilisafiri mbali. Mwaka 1895, amri ya Kaisari wa Ujerumani iliihesabu ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola. Nchini Kenya, sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilifika mahali pa kuihesabu hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji kuwa ya Taji la Uingereza. Malisho ya msimu, shamba lililopumzishwa, msitu wa matambiko: katika ramani za wapimaji vyote vilikuwa vipande vilivyosalia baada ya mpango. Mwenye uwezo wa kusema hiki ni mabaki ana uwezo pia wa kusema hiki hakina mwenyewe, na kutoka hapo mpaka kukichukua ni hatua moja.

Kwa sababu hiyo mwokota vipande hawezi kujisifu upesi kwamba anaokoa. Kabla ya kuokoa inampasa aulize kipande kimetoka wapi, na nani alikiita mabaki. Wakati mwingine jibu ni la kiufundi kabisa. Mbao za palleti za kusafirishia mizigo hupigwa mhuri: HT humaanisha zimetibiwa kwa joto, MB humaanisha zimefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Zenye MB hazifai kukatwa wala kusugwa nyumbani, hata ziwe nzuri vipi. Yapo mabaki ambayo heshima kwake ni kuyaacha. Wakati mwingine jibu ni zito zaidi. Mpingo huchukua miongo mingi, mara nyingi miaka 70 au zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Shina lake hupinda na kuwa na mifereji, na mpasuaji anayetafuta vipande vilivyonyooka, visivyo na doa, kwa ajili ya klarineti na obo, hulazimika kuacha sehemu kubwa ya gogo. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya miti hiyo inasimamiwa na mkataba wa CITES. Vipande vidogo vyake huuzwa madukani Marekani kwa watengenezaji wa kalamu na vitu vidogo. Ninaponunua kipande kama hicho na kukipachika katika uso wa saa, ninaweza kujiambia kwamba nimetumia kilichokuwa kitupwe. Je, ni kweli? Au nimelitafutia gogo soko la ziada, na hivyo kuufanya mti unaofuata uwe na faida kubwa kidogo ya kukatwa?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kazi hii, na haifai kuipuuza. Mabaki yakishakuwa na bei, huacha kuwa mabaki. Yanakuwa bidhaa ya pili, na mpango wa kwanza huanza kuyahesabu. Anayenunua vipande hawezi kudai usafi wa aliyeokota. Sioni njia ya kuukwepa ukweli huu isipokuwa kuweka mipaka: kuchukua kile ambacho hakuna anayekilipia, kulipa tu pale ambapo mvunaji anaweza kuonyesha gogo limetoka msitu gani na kijiji gani kimenufaika, na kukiacha kilichobaki. Katika kusini mwa Tanzania, wilayani Kilwa, viko vijiji ambavyo misitu yao inavunwa kwa utaratibu uliothibitishwa na FSC tangu mwaka 2009. Basi njia ipo, japo ni nyembamba. Lakini mipaka hii haiutakasi ukataji. Hakuna saa inayourudisha mti. Anayetengeneza saa ya mabaki akidhani anatubu kwa niaba ya karakana nzima anajidanganya.

Hapa nataka kukataa jambo moja ambalo wengi wetu ughaibuni tunavutwa kulisema. Ni rahisi mno kujiona katika kile kipande: tumekatwa na gogo letu, tumeachwa pembeni ya mpango wa wengine, tunangoja mkono utakaotutia thamani. Nimelisikia jambo hilo mikutanoni, na nimelisoma katika mashairi. Tulikatae. Kipande kinakuwa mabaki kwa sababu hakina mpango wake chenyewe. Mtu anao. Kumwita mtu mabaki, hata kwa huruma, hata akiwa ni nafsi yako mwenyewe, ni kukubali kwamba mpango uliomwacha nje ulikuwa na haki ya kuchora mstari. Utu hauokotwi, wala haungoji kutiwa thamani na fundi.

Kinachofanana nasi zaidi ni hesabu ya saa tuliyohama nayo. Kiswahili kinahesabu kutoka macheo na machweo. Akrabu fupi ikielekea saba, sisi husema saa moja. Karibu na ikweta hesabu hiyo inaeleza jambo linaloonekana, kwa kuwa jua la Mombasa au Unguja halitengani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima. London, mwezi Disemba, jua huzama karibu saa kumi jioni. Mwezi Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Hesabu yetu hapo haielezi jua lolote. Imekuwa masalio ya anga nyingine, nasi tunaendelea kuitumia tunapopigiana simu na nyumbani, katika vyumba ambavyo saa ya ukutani inasomwa kwa namna mbili na watu wa familia moja. Mtoto aliyezaliwa huku anauliza kwa nini saba ni moja. Mzazi anayejibu tu kwamba ndivyo tunavyosema amempa mtoto kipande. Anayemweleza habari za macheo, na kwamba kwa hesabu yetu siku mpya huingia magharibi, amempa na mti. Tofauti kati ya majibu hayo mawili, kwa maoni yangu, ndiyo tofauti kati ya kutumia mabaki na kuyatendea haki.

Narudi basi kwenye swali la wajibu. Sidhani kwamba tunawiwa na kipande chenyewe, maana ubao hauna dai. Sidhani tunalipa deni la mti, maana haulipiki. Wajibu tulio nao ni kwa ukweli: kutoruhusu mpango uliofaulu ufute habari za kile ulichokiacha nje. Kabati halisemi lolote juu ya vipande vyake. Ardhi iliyopimwa haisemi lolote juu ya waliokuwa wakiipitia. Kitu kilichotengenezwa kwa mabaki kina nafasi ya kusema, lakini hakisemi chenyewe. Saa nzuri iliyong'arishwa kwa vanishi inaweza kuficha asili yake kama kabati lolote, na nyingi huficha. Wema wa kazi hii, kama upo, hauko katika kuokota. Uko katika kutoificha habari.

Kutokana na hilo nimejiwekea desturi ndogo, nami naieleza hapa kwa kuwa inaweza kupimwa na yeyote. Chini ya kila saa, kabla haijatoka mkononi, huandikwa kwa kalamu ya moto jina la kila mti uliomo, kitu ambacho kipande kilikatwa kutoka kwacho, na mwaka: mninga, mguu wa meza; mwaloni, ngazi ya nyumba iliyobomolewa; mpingo, gogo la klarineti. Mahali ambapo asili haijulikani, nafasi huachwa wazi na mstari huchorwa, ili aliyeipokea ajue kuna jambo ambalo hakuambiwa. Rafiki mmoja aliniambia kwamba hakuna atakayeigeuza saa kusoma. Huenda. Lakini betri huisha. Mwaka mmoja au miwili baadaye akrabu zitasimama, na mwenye saa, hata kama hajali miti wala falsafa, itambidi aishike mkononi na kuigeuza.